Farasi anachechemea leo, kesho mzima: usikimbilie fimbo

Juzi dada mmoja wa Nanyuki aliniandikia. Farasi wake ni mstaafu wa mbio, kama wangu. Kuna siku anaburuta mguu wa nyuma, siku inayofuata hana neno. Daktari amekuja mara mbili na mara zote mbili amemkuta mzima. Halafu akamalizia: "Mwalimu wangu anasema tatizo ni mimi, sijui kupanda."

Hayo maneno ya mwisho niliwahi kuambiwa mimi, na mpaka leo yananiuma.

Wengi mnaonisoma tunaota ndoto moja: umpate farasi aliyemaliza mbio pale uwanja wa Ngong, Nairobi, umfundishe upya, siku moja aruke vizuizi kwenye mashindano ya uwanja wa Jamhuri watu wakitazama. Mimi ni mtoto wa saisi. Baba alisugua farasi za watu maisha yake yote bila kumiliki hata kwato moja. Nilipomnunua Baraka, mzee alikuja kumshika shingo akasimama kimya muda mrefu. Sitasahau.

Mwaka wa kwanza ulipita vizuri. Mwaka wa pili, mwezi wa Julai, baridi ya Nairobi imekaza, Baraka akaanza kukataa kanta ya mkono wa kulia, yaani mbio za wastani ambapo mguu wa mbele wa kulia ndio unaotangulia. Nikimwomba, anainua kichwa, anachapa mkia, au anaondoka na mguu mwingine mbele. Tukizunguka kama robo saa anakubali. Siku nyingine anakubali mara moja. Kwenye troti, mwendo ulio kati ya kutembea na kanta (wazee wa pwani wangesema anakwenda matiti), nilihisi tandiko linanisukuma upande mmoja kidogo, basi.

Nilimpeleka kwa mtu mwenye jina kubwa kwenye mchezo huu. Alimtazama dakika tano, akacheka, akasema farasi ni mkaidi, na saisi akipanda huwa anajitafutia visingizio. Nami nikamwamini. Nikarudi nyumbani nikachukua fimbo. Nilimchapa Baraka wiki tatu hivi, kila alipokataa. Alikuwa akinisemesha kwa njia pekee aliyokuwa nayo, nami nikamjibu kwa fimbo. Naliandika hili ili wewe usilifanye.

Baadaye alikuja daktari, akaona kichwa kinainama kila hatua, akasema ni mguu wa mbele wa kushoto. Miezi miwili tukatibu kwato isiyoumwa! Sikujua wakati ule kwamba maumivu ya mguu wa nyuma yanaweza kujificha hivyo. Kwenye troti, mguu wa nyuma unaouma unapotua, farasi hushusha kichwa ili uzito uende mbele, na mtazamaji huapa kwamba kinachouma ni mguu wa mbele wa upande huohuo.

Kilichoniokoa ni simu yangu na vipande viwili vya utepe mweupe. Nilibandika kimoja kila upande, pale mfupa wa nyonga unapochomoza, nikamwomba kijana amkimbize kwenye barabara ngumu iliyonyooka, nami nikapiga video kutoka nyuma. Nikaitazama polepole. Utepe wa kushoto ulipanda na kushuka kuliko wa kulia. Nikarudia kila asubuhi, kabla hajapasha misuli moto, nikaandika kwenye daftari: tarehe, hali ya hewa, kazi ya jana, kanta ipi amekataa. Baada ya wiki sita hakuna aliyeweza kuniambia nimeota. Ncha za kwato za nyuma nazo zilikuwa zimelika kwa kuburutwa, ushahidi niliokuwa nikiufagia kila siku bila kuusoma.

Daktari wa pili aliisoma video kabla ya kumgusa farasi. Kipimo cha kuchechemea wanachotumia madaktari wa farasi wa Marekani kina ngazi 0 hadi 5, na ngazi ya 1 ni ile ngumu kuonekana, isiyojitokeza kila wakati. Ndiyo maana farasi anaweza kuwa mzima siku daktari anapokuja. Aliukunja mguu wa kushoto, akaushika kama dakika moja, akasema mkimbize. Hatua za kwanza zikawa mbaya. Kisha sindano ya ganzi kwenye kiungo cha chini cha kile kifundo kikubwa kilicho katikati ya mguu wa nyuma. Tukasubiri. Nilipomkimbiza tena, kushoto kulikuwa sawa kabisa, na hapohapo akaanza kuchechemea kulia. Miguu yote miwili ilikuwa inauma! Mmoja ulikuwa unauficha mwenzake. Eksirei ikaonyesha baridi yabisi kwenye viungo vya chini vya vifundo vyote viwili. Na kwa kuwa kanta ya kulia huanza na mguu wa nyuma wa kushoto, uliokuwa unauma zaidi, ule "ukaidi" wote ukapata maelezo.

Alichomwa dawa ndani ya viungo, fundi wa viatu akafupisha ncha za kwato, nasi tukaacha kumzungusha kwenye miduara midogo. Lakini hatukumfungia zizini, maana kungemkaza viungo zaidi.

Sasa nisikilizeni, ninyi mnaotaka kushinda. Farasi hapangi njama. Akibadilika, amini kwanza kwamba anaumwa. Daktari wa Uingereza, Sue Dyson, na wenzake waliorodhesha tabia 24 za farasi anayepandwa: masikio kulala nyuma, mkia kuchapa, kinywa kuachama, na nyinginezo. Ukihesabu 8 au zaidi, uwezekano ni mkubwa kwamba ana maumivu. Baraka nilimhesabia 11. Kwa hiyo piga video. Andika. Piga video tena wiki ijayo, mahali palepale, saa ileile. Usimpe poda ya kutuliza maumivu kabla daktari hajamwona, maana utakuwa umefuta ushahidi. Na muulize saisi wako. Yeye ndiye anayemtoa zizini alfajiri na kuziona zile hatua kumi za kwanza, na mara nyingi hakuna anayemuuliza.

Baraka haruki tena vizuizi virefu. Jamhuri sikufika, na ninapopita pale siku za mashindano bado nageuza uso. Lakini jana alitembea dakika ishirini taratibu, kisha akachukua kanta ya kulia mwenyewe, masikio mbele.

Dada wa Nanyuki, kesho kabla hajapasha misuli moto, mtoe, mkimbize kwenye barabara ngumu, kamera iwe nyuma yake. Nitumie. Tutaitazama pamoja polepole.