Takwimu za redio Ghana: angalia msimbo kwanza

Mkuu, umeuliza kama biashara ya kuuza redio Ghana imekufa, maana uagizaji chini ya msimbo wa forodha 8527.19 unaonekana kushuka. Nisingekimbilia huko. Msimbo huo ni wa redio tupu za betri. Ikiwekewa sehemu ya flashi au memori kadi ya kupigia muziki, inahamia 8527.13, kwa hiyo soma mbili hizo pamoja. 8527.21 iache, hiyo ni ya magari. Simu yenye FM iko msimbo 8517, na redio iliyokuja ndani ya gari la mtumba inahesabiwa kama gari, basi.

Wasikilizaji wapo tele. Tangu FM za binafsi ziruhusiwe miaka ya 1990, stesheni zimefika hadi wilayani, nyingi zikitangaza kwa Twi, lugha ya huko.

Kinachotoka sana ni zile za Kichina zenye tochi, kipaneli cha sola na betri ya BL-5C, ile ya Nokia za zamani, ambayo haisumbui kuipata. Za mawe mawili, yaani betri kavu za kutupa, zimedorora. Ila jihadhari na cedi, sarafu ya Ghana: ikiporomoka kama 2022, deni la dola linakumaliza kabla kontena halijatoka bandari ya Tema.