Kwa Nini Saumu Yangu Ni Ndefu Kuliko ya Kaka Yangu?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Ninaishi nchi ya mbali kaskazini. Ramadhani ikiangukia Juni tunafunga zaidi ya saa 18, ilhali kaka yangu aliye mbali kusini mwa ikweta hufunga kama saa 12 tu. Shuleni watoto wanafundishwa kwamba sababu ni kuinama kwa dunia, nayo Qur'ani inasema Allah ndiye anayeuingiza usiku katika mchana. Nishike lipi? Na je, naruhusiwa kufuata saa za kaka yangu?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Shika yote mawili, ndugu yangu, kwani hayagombani. Aya uliyoitaja (Aal Imran 3:27, na maana yake imerudi katika Luqman, Fatir na Al-Hadid) inatujulisha Mtendaji ni nani. Wafasiri wameieleza kuwa kinachopungua kwa usiku huongezwa kwa mchana, kisha mambo hugeuka. Wanachosoma watoto ni namna Allah alivyolipanga hilo.

Dunia hulizunguka jua kwa siku 365 na robo hivi. Mhimili wake haukusimama wima juu ya njia hiyo, umeinama kwa nyuzi 23.4 hivi, na mwaka mzima unaelekea upande uleule wa mbingu. Basi Juni ncha ya kaskazini huwa imelielekea jua. Kwenu jua huchomoza kaskazini zaidi, hupanda juu sana na kuchukua njia ndefu kabla ya kutua. Desemba zamu hiyo huenda kusini. Karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba hakuna ncha iliyolielekea, na mchana na usiku hukaribia kulingana duniani kote. Kwenye ikweta mchana ni kama saa 12 mwaka mzima.

Wengi hudhani kiangazi huja kwa sababu dunia imelisogelea jua. Si kweli. Dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, kilomita milioni 147 hivi, na mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, milioni 152. Januari hiyo ndiyo baridi yenu! Joto hufuata urefu wa mchana na jinsi miale inavyotua: tochi ikimulika chini wima, mwanga hukusanyika, ukiilaza, hutawanyika na kufifia.

Aya inayonigusa zaidi katika jambo hili ni ya Ar-Rahman 55:17: "Mola wa mashariki mbili na Mola wa magharibi mbili." Wafasiri wa zamani walisema ni machomozo mawili, la kiangazi na la majira ya baridi. Ukilitazama jua likichomoza mwaka mzima ukiwa mahali pamoja, utaliona likisogea kutoka mpaka mmoja hadi mwingine na kurudi. Al-Battani, mtaalamu wa elimu ya nyota aliyefariki mwaka 929, aliupima mwinamo huo akapata nyuzi 23 na dakika 35, ingawa watu wa zama zake waliamini kwamba jua ndilo linaloizunguka dunia.

Usidhani umeonewa. Mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku 11 hivi, kwa hiyo Ramadhani hupita majira yote katika miaka kama 33. Itakapofika Desemba, kaka yako ndiye atakayefunga mchana mrefu.

Ama saa zake, huwezi kuzifuata. Allah amesema: "Kisha timizeni saumu mpaka usiku" (Al-Baqara 2:187), na usiku ni wa pale ulipo, maadamu katika saa 24 unapambanua alfajiri na kuchwa kwa jua. Ukiwa mgonjwa au ukichelea madhara ya kweli, fungua, kisha ulipe. Kulipa katika siku fupi za Desemba kunajuzu, wala hupaswi kutafuta siku ndefu kama ulizokula.

Penye jua lisilotua kabisa, kama Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norway, kuanzia takriban 20 Mei hadi 22 Julai, wakati hukadiriwa. Dalili ni hadithi ya Dajjal, mwongo mkuu wa zama za mwisho, katika Sahih Muslim: Maswahaba waliuliza kama sala za siku moja zitatosha katika siku iliyo kama mwaka, Mtume (s.a.w.) akajibu kwamba hapana, wakadirie kiasi chake. Wapo wanazuoni wanaokadiria kwa mji wa karibu wenye usiku na mchana, na wapo wanaokadiria kwa Makka. Ukijikuta huko, fuata ratiba ya msikiti wa hapo, msigawanyike kwa jambo lenye nafasi. Wallahu a'lam.