Gongo Zito Si Gongo la Mwenye Nguvu

Siku nilipomwambia mama yangu kwa simu kwamba nimemnunulia mjukuu wake gongo la dola 400, upande wa Tanga palikuwa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata. "Mtoto wa miaka kumi na minne, gongo?" Ikabidi nianze upya: si lile la kunywa, mama, ni kirungu cha kupigia mpira. Akashusha pumzi, kisha akauliza swali ambalo hadi leo sijalipatia jibu la maana. "Kirungu tu, dola 400?"

Tunaishi Texas, karibu na Dallas. Binti yangu ana jina la bibi yake, kwa hiyo nyumbani tunamwita Mama, na mchezo wake ni softiboli, ndugu wa besiboli, tena ile ya kasi, ambayo mrushaji anauzungusha mkono kama pangaboi kisha anauachia mpira chini ya kiuno. Kwa umri wake mrushaji husimama futi 43 kutoka kwa mpigaji, kama mita 13. Mpira wa maili 60 kwa saa unafika chini ya nusu sekunde. Ndani ya muda huo mtoto aone, aamue, na alizungushe gongo. Wazazi wenzangu wa Kiswahili huku wananiuliza sana wanunue gongo gani, hasa wale ambao watoto wao wana nguvu na makocha wamewaambia kwamba wana mpiga mabomu nyumbani, yaani mtoto anayeupeleka mpira mbali. Nami nitasema niliyoyaona, kwa sababu nimekwisha kuyalipia.

Mama ni mpiga mabomu kweli. Ana mabega ya babu yake, aliyekuwa kuli bandarini. Uwanja wao una uzio wa futi 200, kama mita 60, na mazoezini alikuwa anauvusha mpira huku anacheka. Mimi nikapiga hesabu ya kibaba: mtoto mwenye nguvu apewe chombo kizito. Nikamchukulia gongo la inchi 34, ambao ndio urefu wa mwisho unaoruhusiwa, tena la hasi nane.

Hiyo "hasi" ndiyo namba ya kwanza ya kuielewa dukani. Ni urefu kwa inchi na uzito kwa aunsi, tofauti yake. Gongo la inchi 34 lenye hasi nane lina aunsi 26. La inchi 33 lenye hasi kumi lina aunsi 23. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo gongo linavyokuwa jepesi: hasi kumi na mbili au kumi na tatu ni ya watoto wadogo na wale wapigaji wepesi wanaotegemea mbio, hasi kumi ndiyo wasichana wengi wa sekondari wanayoishika, na hasi tisa na nane ni za wenye nguvu. Kati ya lile nililonunua na lile alilotakiwa kuwa nalo ni aunsi tatu, yaani gramu 85. Hata robo kilo ya sukari haifiki. Nikajiambia gramu 85 ni kitu gani.

Kwenye kigingi cha kuwekea mpira, pale mpira umetulia unakusubiri, lile gongo lilikuwa linanguruma. Nilirekodi video nikamtumia kila mtu. Msimu ukaanza, na mipira ikawa inakwenda nje ya mstari upande wa kulia, au inapanda juu moja kwa moja kama inatafuta embe, halafu inadakwa. Kwa mpigaji wa mkono wa kulia, mpira unaokwenda kulia kila mara una habari moja tu: amechelewa. Mimi nikamlaumu kocha. Nikamlaumu mwamuzi. Nikamwambia mtoto ale zaidi asubuhi.

Mwisho tukiwa kwenye gari, mwezi wa pili wa msimu, akasema, "Baba, gongo ni zuri. Ila linafika baada ya mpira."

Mpira unaondoka kwa kasi kutokana na vitu viwili vikubwa, uzito unaoupiga na kasi ya uzito huo, na kasi ndiyo yenye sauti kubwa zaidi. Ukiongeza uzito, kasi inashuka. Kuna mahali ambapo viwili hivyo vinakubaliana, na mahali hapo si palepale kwa kila mtoto. Kwa mwenye nguvu panasogea juu kidogo kuliko kwa wenzake, lakini kidogo tu. Mimi nilimrusha hatua tatu kwa mkupuo.

Halafu kuna jambo ambalo mizani haioni. Magongo mawili yanaweza kuwa na urefu mmoja na aunsi zilezile, na moja likazunguka kama fimbo huku la pili likikuvuta bega. Aliyewahi kulima ataelewa haraka. Shika jembe mwisho wa mpini ulinyanyue, kisha ligeuze ulishike karibu na chuma. Jembe ni lile lile, uzito ule ule, ila la kwanza limekuchosha kabla hujaanza tuta. Kwenye magongo, yale ambayo uzito umesambazwa sawasawa huitwa ya balansi. Yale yaliyosogezewa uzito kwenye ncha, mimi nayaita yenye uzito kichwani, na haya ndiyo hutangazwa kwa wapiga mabomu. Tangazo halidanganyi. Gongo la namna hiyo likiugusa mpira kwa wakati wake, mpira unakwenda mbali. Shida iko kwenye hayo maneno "kwa wakati wake". Langu lilikuwa refu, zito, na lenye uzito kichwani, vyote vitatu kwa mara moja. Ushauri ninaoutoa sasa ni kwamba ukitaka uzito kichwani, punguza urefu au panda namba ya hasi. Usichukue kila kitu.

Wengine watakwambia umpe mtoto gongo alinyooshe kwa mkono mmoja pembeni, na akiweza kulishikilia nusu dakika basi linamfaa. Mama alilishikilia dakika nzima huku anatafuna bazoka. Kipimo hicho kinamwonyesha mwenye bega, hakimwonyeshi mwenye kasi.

Kilichotusaidia ni kocha mmoja wa kulipwa kwa saa, mama mtu mzima asiye na maneno mengi. Alitandika magongo manne chini, akachukua rada ndogo ya mkononi ya kupimia kasi ya mpira, akaanza kumrushia mipira mwenyewe. Hakutumia kigingi hata kidogo. Mipira kumi kwa kila gongo, mapumziko mafupi, kisha duru nzima tena. Katika duru ya kwanza lile la inchi 34 liliongoza kwenye mipira mitatu ya mwanzo, na mimi nikaanza kutabasamu. Kuanzia mpira wa saba likaachwa nyuma na la inchi 33, hasi kumi, lenye uzito kidogo kichwani. Duru ya pili halikuonekana kabisa. Kocha akaniambia nisiangalie mpira uliokwenda mbali kuliko yote, niangalie ni mingapi kati ya kumi imepigwa vizuri. Mashindano ya Jumamosi huku yana mechi tatu, wakati mwingine nne, kwenye jua la Texas. Gongo la kununua ni lile ambalo mtoto bado analileta kwa wakati mechi ya tatu, miguu imechoka na mrushaji ni mgeni.

Kwa hiyo mpime mtoto akiwa amechoka. Dukani saa nne asubuhi, baada ya chai, kila gongo ni jepesi.

Juni 2022 tulipanda gari hadi Oklahoma City, saa tatu na ushei barabarani, kuwaangalia Oklahoma wakicheza fainali ya vyuo na Texas. Mama alitaka kumwona Jocelyn Alo, dada wa Hawaii aliyemaliza chuo akiwa na homurani 122, yaani mapigo ya kuuvusha mpira uzio, rekodi iliyoiacha mbali ile ya 95 ya Lauren Chamberlain wa chuo hichohicho. Nilikwenda nikitarajia kuona nguvu. Niliona mikono ambayo gongo linaonekana begani, halafu linaonekana limemaliza, na katikati hukuona kitu. Nilirudi Texas nikiwa mpole zaidi.

Sasa kuhusu lilivyotengenezwa. Kuna ya alumini na kuna ya kompositi, yaani nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi. Alumini ni rahisi, unaipata hata chini ya dola 150, iko tayari siku hiyohiyo, na ikiharibika inabonyea tu. Kompositi ndiyo yenye bei za kumtisha bibi. Eneo lake zuri la kupigia ni pana zaidi na haiumizi sana viganja, lakini ikiwa mpya bado ni ngumu. Huwa tunailainisha kwa mapigo 150 hadi 200, mwanzoni taratibu, huku tukiligeuza gongo robo mzunguko kila baada ya mapigo machache, mfano wa chungu kipya kinavyopikiwa kabla ya kukipa mchuzi wa wageni. Usiilainishie kwenye mashine zenye ile mipira ya plastiki yenye vishimo, maana ni migumu kupita kiasi. Na kompositi haipendi baridi. Chini ya nyuzi 15 hivi za Selsiasi inaweza kupasuka. Msimu wa sekondari huku Texas unaanza Februari, na asubuhi za Februari si za mchezo, kwa hiyo siku hizo tunatoka na gongo la alumini la zamani.

Utaulizwa pia unataka kipande kimoja au viwili. Vipande viwili vinaungwa juu ya mpini, pale katikati panalegea kidogo na mtetemo unapungua. Kipande kimoja ni kigumu, na wapigaji wengi wenye nguvu hukipenda kwa sababu hakiyumbi. Mama alijaribu vyote akachagua viwili, kwa kuwa akiupiga mpira karibu na mikono viganja vinamwasha. Sikubishana naye. Unene usikusumbue, kwani kikomo cha mchezo huu ni inchi mbili na robo na karibu kila gongo la dukani linafika hapo.

Kabla ya rangi na jina, tafuta muhuri, ile alama ya chama cha mchezo inayoonyesha gongo limeidhinishwa. Hapa niliwahi kuaibika. Niliokota gongo zuri la dola 60 kwenye mnada wa uani kwa jirani, mtoto akaenda nalo kwenye mechi ya shule, mwamuzi akalishika, akaligeuza mara mbili, akaliweka pembeni. Lilikuwa na muhuri wa chama cha USSSA peke yake. Shule wakati huo ilitaka ule wa chama kingine, USA Softball, au ule wa zamani wa ASA, maana ASA ndiyo hiyohiyo kabla ya kubadilisha jina. Yapo magongo yenye mihuri yote miwili na ndiyo ya kununua ikiwa mtoto anachezea shule na pia timu ya kusafiri, ile ya mashindano ya nje ya shule. Hakikisha vilevile halimo kwenye orodha ya yaliyopigwa marufuku, kwa sababu gongo linaweza kuwa na muhuri halafu baadaye likaondolewa.

Kwa mfuko, subiri. Modeli ya mwaka jana mara nyingi ni gongo lilelile lenye rangi nyingine, na likitoka jipya la zamani linashuka bei. Ila nunua kwa muuzaji anayetambuliwa na kiwanda, utunze risiti. Udhamini huwa wa mwaka mmoja, na bila risiti huna kitu. Kwenye maegesho ya viwanjani utakutana na jamaa atakayekuambia kwa sauti ya chini kwamba anaweza kuliminya gongo kwenye mashine, au kulikwangua ndani liwe jembamba ili mpira uruke zaidi. Mwambie hapana. Ni haramu mchezoni, linakufa mapema, na yule mrushaji aliyesimama futi 43 mbele ya mtoto wako ni binti wa mtu.

Mama sasa ana inchi 33, hasi kumi. Ameanza kuniambia kwamba amekua na anataka hasi tisa, nami nimemwambia tutamwita yule kocha na rada yake, na atapimwa baada ya mazoezi, si kabla.

Lile la inchi 34 aliliazima mwenzake asubuhi moja ya Februari, ikasikika sauti kama kuni kavu. Nilikuwa nimelinunua mtandaoni kwa mtu nisiyemjua, kwa hiyo udhamini wake ulikuwa hadithi. Mke wangu hulitumia kukung'utia mazulia. Anasema uzito wake uko mahali pake kabisa, na mazulia hayarushwi kwa maili 60.