Kagua mlango wa kutokea: kwa wanaoanza kununua hisa kwa simu

Programu yangu ya kwanza ya hisa niliipenda kwa rangi yake. Sioni haya kusema. Ilifunguka upesi, ikapokea pesa kutoka M-Pesa kabla chai haijapoa, na siku nilipotaka kuitoa pesa hiyo hiyo ikanila siku kumi na moja, barua pepe nne na safari mbili za kupanda ngazi za jengo moja mjini ambalo lifti yake haikuwa ikifanya kazi. Tangu hapo, mtu akiniuliza, "Anti, nipakue gani?" swali langu la kwanza huwa: pesa yako itatokea wapi, na baada ya siku ngapi?

Kabla ya kufika huko, elewa unachokipakua. Soko la Hisa la Nairobi halikuuzii wewe moja kwa moja. Hadi mwaka 2006 makarani wa madalali walikuwa wakiitana bei kwa sauti sakafuni. Leo kazi hiyo inafanywa na kompyuta, lakini utaratibu ni ule ule, kwamba lazima upitie kwa dalali mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, yaani CMA. Programu ni karani tu wa dalali huyo. Kwa hiyo anza na dalali. Tafuta jina la kampuni kwenye orodha ya CMA, si jina la programu, maana mara nyingi ni mawili tofauti. Jina la kampuni lisipoonekana mahali popote ndani ya programu, ifute uendelee na shughuli zako.

Hisa zenyewe hazikai ndani ya simu. Zimeandikwa kwa jina lako katika akaunti ya CDS, yaani akaunti ya kielektroniki ya kutunzia hisa, chini ya CDSC, taasisi iliyoanza kazi hiyo mwaka 2004 na kutuondolea vile vyeti vya karatasi ambavyo wazee wetu walivifungia kwenye masanduku. Akaunti hiyo hufunguliwa kupitia dalali, lakini ukimchoka unaweza kuhamishia hisa zako kwa mwingine bila kuziuza. Nalisema hili kwa sababu wengi huvumilia programu mbovu wakidhani wamefungwa nayo. Na ukishanunua, usiridhike na picha ya kijani iliyo kwenye skrini. Omba taarifa ya akaunti kutoka CDSC ulinganishe. Mwaka 2007 na 2008 kulikuwa na madalali walioanguka hapa Nairobi, na wateja wao wakahangaika kwa muda mrefu. Ukaguzi wa dakika tano si uchoyo wala kumvunjia mtu heshima.

Sasa jaribio langu, ambalo nimewafanyisha wanachama wote wa chama chetu pale Umoja, pamoja na mama mmoja aliyeapa kwamba hajui kutumia simu. Weka shilingi 2,000, basi. Angalia jina linalotokea M-Pesa kabla hujathibitisha: liwe la kampuni, si la mtu. Nunua hisa chache za kampuni inayouzwa kila siku, kama Safaricom, KCB au Equity. Zamani ulilazimika kuanzia hisa 100 ikawa wenye mshahara mdogo wanakaa pembeni. Tangu Agosti 2025 unaweza kununua hata moja. Zikishaingia kwenye akaunti yako ya CDS, ziuze. Malipo hukamilika siku ya tatu ya kazi baada ya mauzo, kwa hiyo ukiuza Jumatatu, Alhamisi pesa inapaswa kuwa yako. Hapo bonyeza kitufe cha kutoa pesa, uanze kuhesabu. Wakati unasubiri, piga simu ya huduma kwa wateja saa nne asubuhi siku ya kazi. Uone kama anapokea mtu au ni wimbo.

Jaribio hili litakupunguzia shilingi kadhaa, na hiyo ndiyo faida yake ya pili, kwa sababu utaona gharama kwa macho yako. Chukulia kamisheni na ada zote zinafika shilingi mbili kwa kila mia. Umenunua hisa za 2,000, zimekwenda 40. Umeuza, zimekwenda 40 nyingine. Maana yake hisa ya shilingi 20 lazima ifike kama 20.80 ndipo urudi pale ulipoanzia. Dalali mwingine ana ada ya chini isiyopungua; ikiwa ni shilingi 100 kila oda, yaani kila agizo la kununua au kuuza, basi ununuzi wa 2,000 umeshakula tano kwa mia kabla ya kuuza. Programu inayojiita ya bure kupakua haijakwambia chochote kuhusu hilo. Soma ukurasa wa ada, na usipoupata, waulize kwa maandishi.

Jambo ambalo ningelipa karo kujifunza mapema ni oda. Programu nzuri hukuonyesha safu mbili: wanaotaka kununua na bei zao, wanaotaka kuuza na bei zao, na idadi ya hisa kila mahali. Nyingine hukuonyesha bei moja kubwa katikati ya skrini na kitufe cha NUNUA. Mimi nilikuwa na ya aina hiyo. Nikataka hisa 500 za kampuni moja ndogo, bei kubwa pale katikati ikisema 42. Nikapiga hesabu ya 21,000, nikachagua "bei ya soko", yaani ninunuliwe kwa bei yoyote iliyopo, nikabonyeza. Kumbe 42 ilikuwa bei ya jana. Siku hiyo wauzaji walikuwa watatu tu: wa kwanza ana hisa 100 kwa 44, wa pili 150 kwa 45, wa tatu 250 kwa 46. Mashine ikanibebea wote. Nikalipa 22,650, bado kamisheni. Nikampigia karani wa dalali nikiwa na hasira, naye akanijibu kwa upole ulioniuma zaidi: "Mama, ulichagua soko. Ungeandika bei yako."

Aliniambia kweli. Soko letu lina kampuni sitini hivi, na nyingi hazina wauzaji wa kutosha kila siku. Bei haiwezi kuruka zaidi ya asilimia kumi kwa siku, lakini ndani ya hiyo kumi kuna nafasi tele ya kuumia. Kwa hiyo sharti langu ni hili: programu isiyoniruhusu kuandika bei yangu mwenyewe, na isiyonionyesha safu zile mbili, siitumii hata ikiwa na kamisheni ndogo. Chati zenye mishumaa na mistari ya rangi sizijali. Ni mapambo, kwa mtu anayenunua mara moja kwa mwezi.

Programu za kununua hisa za Marekani ni habari nyingine. Soko la New York hufunguliwa saa kumi na nusu jioni kwa saa zetu, au kumi na moja na nusu wakati wao wamerudisha saa nyuma, na gawio la huko, yaani faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, mkazi wa Kenya hukatwa kodi ya asilimia 30, wakati la hapa nyumbani hukatwa 5. Ongeza gharama ya kubadilisha shilingi kuwa dola, kwenda na kurudi. Na uliza waziwazi: nanunua hisa yenyewe, au naweka dau juu ya bei yake kupanda na kushuka? Programu nyingi zinazotangazwa kwa kelele zinauza hilo la pili. Humo huna hisa, huna gawio, na pesa yako inaweza kwisha kabla ya chakula cha jioni.

Nywila usimpe mtu, hata yule wa kundi la Telegram anayeiomba kwa jina la Mungu.

Mpwa wangu, ambaye anafanya kazi duka la simu Luthuli, ameanza mwezi huu na programu mbili, elfu mbili kila moja. Aliuza zote Jumatatu. Alhamisi saa nane mchana ya kwanza ikamtumia pesa M-Pesa, akanipigia akicheka. Ya pili, hadi jana jioni, ilikuwa bado imeandika "inashughulikiwa". Nikamuuliza kama ameshaifuta. "Hapana, Anti," akasema. "Itanipa pesa yangu kwanza."