Mtoto kuvimba midomo baada ya uji wa lishe: kipimo cha nyumbani au hospitali?

Dada, umeuliza kama ununue kile kipimo cha tone la damu kinachouzwa mtandaoni, au umpeleke hospitali mwanao wa miaka miwili anayevimba midomo na kutoka vipele robo saa baada ya kunywa uji wa lishe. Mpeleke hospitali.

Vipimo vingi vya namna hiyo hupima kingamwili za IgG. Mwili huzitengeneza kwa chakula chochote ulichozoea, kwa hiyo majibu huja na orodha ndefu: maziwa, mayai, ngano. Ukiifuata, mtoto atadhoofu kwa kunyimwa vyakula visivyo na kosa. Aleji ya kuvimba ghafla ni kazi ya kingamwili za aina nyingine, IgE.

Ukiwa Arusha au Moshi, piga simu kwanza hospitali ya Mount Meru au ya KCMC uulize kama wanapima IgE ya chakula kimoja kimoja. Usikubali IgE ya jumla peke yake, maana hata minyoo huipandisha. Kipimo cha ngozi ni hivi: tone la dondoo la chakula huwekwa mkononi, ngozi huchomwa kidogo juu yake, na baada ya dakika 15 hadi 20 kivimbe hupimwa kwa rula. Tone la maji ya chumvi nalo huwekwa kwa kulinganisha: kivimbe cha chakula kikizidi cha maji hayo kwa milimita 3 au zaidi, kipimo kimeonyesha uwezekano wa aleji. Wengi huharibu hapa: mtoto kapewa dawa ya aleji kama Piriton au seterizini jana yake, kivimbe hakitoki, mama anaambiwa hakuna aleji. Muulize daktari dawa hizo zisimame lini. Kwa kawaida ni kama wiki moja kabla. Kipimo cha damu hakiharibiwi nazo.

Kipimo kikionyesha hivyo kwa chakula ambacho mtoto anakula bila shida, hiyo si aleji. Ndiyo maana daftari lako lina uzito kuliko karatasi ya maabara. Andika saa aliyokunywa, vijiko vingapi, dalili ilianza baada ya dakika ngapi, na piga picha ya midomo. Kisha taja kila kilichomo kwenye unga: mahindi, ulezi, ngano, soya, karanga, dagaa. Uji huo usimame wote. Usijaribu kutoa karanga tu na kusaga upya, kwa sababu mashine ya mtaani hubaki na unga wa mteja aliyetangulia, na kwa mwenye aleji kali hata kidogo hicho kinatosha. Kumpaka chakula mdomoni ili uone nako ni hatari. Kujaribu kumrudishia hufanyika hospitalini, kiasi kidogo kikiongezwa polepole, adrenalini, dawa ya dharura ya aleji kali, ikiwa karibu.

Kujaribu nyumbani ni kwa shida isiyo aleji: mtu mzima anayejaa gesi tu akinywa maziwa, huyo anaweza kuyaacha wiki mbili nyumbani na kuyarudia kidogo kidogo.

Mtoto akianza kukoroma au kupiga filimbi kifuani, sauti ikikauka, akitapika mfululizo au akilegea, mlaze na mkimbizeni hospitali ya karibu. Akihema kwa shida mwacheni akae. Anahitaji sindano ya adrenalini ya paja. Piriton hupunguza muwasho tu, haifungui koo.