Saint Helena hadi Ascension: kilomita ngapi, saa ngapi?

Safari hii maswali yenu yamevutwa na visiwa viwili vya Uingereza vilivyo peke yao kusini mwa Bahari ya Atlantiki.

Kutoka kiwanja kimoja hadi kingine ni umbali gani, na ndege inachukua muda gani?

Ni kama kilomita 1,300, karibu mara mbili ya Nairobi hadi Dar es Salaam. Piga hesabu mwenyewe: 1,300 gawanya kwa mwendo wa kilomita 800 kwa saa, unapata saa moja na dakika 38 hivi. Lakini ndege haipati mwendo huo inapopaa wala inapokaribia kutua. Ongeza dakika ishirini hivi, inakuwa kama saa mbili. Vikokotoo vya mtandaoni vikigawanya umbali kwa mwendo tu, jibu litapishana na la kwenye tiketi. Amini tiketi.

Saa zao zinatofautiana?

Hapana, wote wanafuata saa za Greenwich. Dodoma ikiwa saa sita mchana, kwao ni saa tatu asubuhi.

Kutoka kwetu napitia wapi?

Johannesburg. Shirika la Airlink lilianza safari za Saint Helena tarehe 14 Oktoba 2017, na ndege hutua Namibia kwanza kujaza mafuta. Mafuta hayo ni jambo zito. Kiwanja cha Saint Helena kiko juu ya genge, upepo hubadilika ghafla karibu na njia ya kutulia, na jirani wa karibu ndiyo hiyo Ascension. Rubani akishindwa kutua hana pa kukimbilia karibu, kwa hiyo lazima abebe akiba kubwa. Upepo huohuo ndio uliochelewesha safari za abiria zaidi ya mwaka mzima. Kwa wenyeji ule ulikuwa uchungu wa kweli, maana walitegemea meli ya siku tano hivi kutoka Cape Town, hata kwa mgonjwa anayehitaji hospitali kubwa.

Ni kweli kuna Mzanzibari aliyepelekwa huko kifungoni?

Kweli kabisa: Sayyid Khalid bin Barghash, aliyetwaa kiti cha usultani Agosti 1896 na kuondolewa kwa mizinga ya Waingereza katika vita ambavyo havikufika hata saa moja. Alikimbilia kwa Wajerumani. Waingereza walimkamata wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wakampeleka uhamishoni Ushelisheli na Saint Helena. Alifariki Mombasa mwaka 1927.

Nikifika Saint Helena, naweza kwenda Ascension na kurudi siku hiyohiyo?

Usipange hivyo. Ndege ya abiria kati ya visiwa hivi huenda mara moja tu kwa mwezi. Ukiikosa ya kurudi, unangoja nyingine. Ascension pia haiingiliki bila kibali kinachoombwa mapema, kwa sababu wanaoishi pale wako kwa ajili ya kazi, pamoja na familia zao. Pata kibali kwanza, kisha ulipe tiketi.