Kwa nini kinga ya mwili haimwondoi bakteria wa tumboni?

Swali: Daktari ameniambia kuwa huenda bakteria aitwaye Helicobacter pylori ameishi tumboni mwangu tangu utotoni. Kinga ya mwili ilikuwa wapi?

Jibu: Kinga yako haikulala, kwani hata kingamwili (protini za kupambana na vijidudu) dhidi yake hutengenezwa, ila bakteria huyu, ambaye madaktari Barry Marshall na Robin Warren walimtambua nchini Australia mwaka 1982, anajua kuipunguza makali. Mikia anayoogelea nayo ina protini ambayo vipokezi vya kinga haviing'amui vyema, na sumu yake iitwayo VacA huzuia seli T, yaani chembe nyeupe za damu ambazo ndizo tegemeo kubwa katika mapambano haya, zisiongezeke. La ajabu zaidi, huchochea seli T zenye kazi ya kuituliza kinga yenyewe. Uvimbe wa ukuta wa tumbo unaoletwa na mapambano hayo hubaki, bakteria naye hubaki, mpaka atibiwe kwa antibiotiki.